Ukaguru Hauhitaji Jukwaa la Mawingu

Rai inayotamba siku hizi katika mazungumzo ya utalii wa Morogoro ni kwamba milima ya Kilosa imelala bure. Wageni wanashuka na treni ya umeme, wanapelekwa Mikumi kuona simba na twiga, kisha wanageuza, na safu za Ukaguru na Rubeho zinabaki pale juu bila kuingiza hata shilingi. Dawa, wanasema wenye rai hiyo, ni kupeleka barabara kileleni, kusimamisha jukwaa la chuma na vioo, na kumwita mgeni aje asimame juu ya mawingu, apige picha, alipe. Sizungumzii mradi mmoja wala mtu mmoja. Nazungumzia fikra ambayo imezoeleka mno hata ukiipinga unaonekana hutaki maendeleo. Wengi wanaoishikilia wanaipenda Kilosa kwa dhati. Hata hivyo wamekosea, tena wamekosea tangu kwenye msingi, na kosa hili likishamiminiwa zege halitarekebishika.

Nianze na hewa yenyewe, kwa sababu wapo wanaochora jukwaa hilo bila kuuliza wingu hukaa wapi.

Pepo za Bahari ya Hindi hufika bara zikiwa zimebeba mvuke. Zikikutana na Tao la Mashariki, ile safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Nguu, Uluguru, Ukaguru na Rubeho hadi Udzungwa na Mahenge, hulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, kiasi cha nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 kama bado ni kavu, na ikishapoa vya kutosha mvuke hugeuka kuwa matone madogo yanayoelea. Wingu limezaliwa. Linazaliwa mabegani mwa mlima na kupanda hadi kileleni, na huko linagusa miti siku baada ya siku. Misitu ya juu ya Ukaguru, kama ule wa Mamiwa-Kisara, yenye magome yaliyofunikwa mimea laini ya kijani na matawi yanayodondosha maji hata mvua isiponyesha, imeota pale kwa sababu hiyo hasa.

Sasa tufuate hoja hiyo hadi mwisho wake. Msitu wa ukungu ni ushahidi kwamba mahali hapo hukaa ndani ya wingu. Kadiri msitu unavyokuwa mnene na mbichi, ndivyo mtu anayesimama pale anavyokuwa na siku nyingi za kuzungukwa na weupe, asione hata mkono wa jukwaa lenyewe. Kilimanjaro inawadanganya wengi. Mpandaji wa Kibo, kwenye kimo cha mita 5,895, huyaona mawingu chini yake kwa sababu msitu ameuacha chini pia; ule msitu unaishia karibu na mita 3,000, na juu yake ni vichaka, kisha mawe na baridi. Kilele kirefu cha Ukaguru hakifiki mita 2,300. Kwa kimo hicho, kule Kilimanjaro ungekuwa bado katikati ya miti. Anayetaka kuyatazama mawingu kwa juu amechagua, katika Kilosa nzima, mahali ambapo uwezekano wa kuwa ndani yake ni mkubwa kuliko popote. Na siku chache ambazo kilele kitakuwa wazi, miti yenyewe itaziba mandhari. Kwa hiyo itafyekwa. Ni vigumu kujenga jukwaa la kutazamia katikati ya msitu bila kuondoa msitu ulio mbele yake.

Watetezi wa jukwaa hupenda kutoa mfano wa Japani. Kule Tomamu, katika kisiwa cha Hokkaido, lipo jukwaa kwenye kimo cha mita 1,088 ambalo watu hulipanda alfajiri kutazama bahari ya mawingu. Ni kweli, na ni mahali pazuri. Lakini tuisome habari yote. Mlima ule ulikuwa tayari na magari ya kamba, yale yaendayo kwa waya, yaliyowekwa kwa ajili ya watelezaji wa theluji. Wafanyakazi waliokuwa wakiyatunza majira ya joto ndio waliokuwa wakiliona wingu asubuhi, wakatamani wageni nao walione. Mwaka 2005 wakaanza na sehemu ndogo ya kunywea kahawa. Njia ya kupandia ilikuwepo. Mlima ulikuwa umeshalipa gharama yake zamani. Na mpaka leo mgeni wa Tomamu huambiwa mapema uwezekano wa kuliona wingu siku hiyo, kwa sababu siku nyingi halionekani. Anayeuchukua mfano huo na kuupeleka kwenye mlima wa Kilosa usio na njia amechukua picha na kuacha kisa. Ningemshauri autumie mfano ule kwa namna nyingine: watu waliokuwa wakifanya kazi mlimani ndio waliosikilizwa.

Lakini hata kama kilele kingekuwa wazi kila asubuhi, bado ningepinga, na hapa ndipo moyo wa shauri hili ulipo. Wenye rai ya jukwaa wanaliona wingu kama mandhari. Wingu la Ukaguru ni maji yaliyo kazini. Ukungu unapopita katika matawi, majani na zile nyuzi zinazoning'inia huuchana kama chanuo, na matone hukusanyika, huteleza kwenye shina, huzama kwenye udongo mweusi wa msitu. Maji haya hayaonekani kwenye kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani, lakini yanaingia ardhini hata katika miezi ambayo bondeni hakuna tone. Ardhi huyaachia polepole. Mto Mkondoa unaopita Kilosa mjini hupata maji yake katika milima hii ya Ukaguru na Rubeho; ukiteremka tambarare ya Mkata unaelekea Wami, na Wami unawanywesha mpunga wa Dakawa na mabomba ya Chalinze kabla ya kuingia baharini karibu na Saadani. Mtu wa Chalinze anayefungua bomba mwezi wa Septemba ananufaika na milima ambayo huenda hajawahi kuiona. Hiyo ndiyo "bure" ambayo milima imelala.

Ukisimama juu ya wingu, jambo la kwanza linalotokea ni kwamba watu wanatoweka. Hilo linaelezwa kama faida: utulivu, weupe, umbali na dunia. Kwa Kilosa mimi naliona kuwa hasara, maana hakuna wilaya inayohitaji kutazamwa kwa karibu zaidi ya hii. Chini ya weupe ule iko Rudewa Mbuyuni, ambako Desemba 2000 mapigano ya wakulima na wafugaji yaliua watu 38. Ardhi, malisho na maji ndivyo vilivyokuwa vikigombewa, na ugomvi wa namna hiyo haujaisha Kilosa hadi leo. Chini ya weupe ule ndiko Mkondoa ulikovunja kingo zake mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, ukabomoa nyumba, ukawaacha maelfu bila makazi na kuikata reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe. Mvua ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini mto uliofurika ulikuwa umejaa mchanga na tope la miteremko iliyovuliwa miti na kulimwa mpaka ukingoni. Barabara ya kileleni ni mteremko mwingine uliovuliwa. Tingatinga likishapita kwenye mwinuko wa namna ile, kila masika maji hufuata mkwaruzo wake kwenda chini, na anayeyapokea ni mwenye shamba la bondeni wala si mwenye tiketi.

Wapo watakaosema ninatia chumvi, kwamba jukwaa moja na njia moja havimalizi mlima. Nawaomba wakumbuke Kihansi, ambako si mbali. Ni kwenye Udzungwa, katika Tao hili hili la Mashariki. Mwaka 1996 watafiti waliokuwa wakichunguza korongo la mto Kihansi walimkuta chura mdogo wa manjano asiyeishi popote pengine duniani. Aliishi kwenye eneo dogo mno chini ya maporomoko, eneo linaloloweshwa saa zote na rasharasha ya maji yanayoanguka. Hatagi mayai kama vyura wengine. Huzaa watoto walio hai. Mwaka 2000 mitambo ya umeme ya Kihansi, megawati 180, ikaanza kazi, na sehemu kubwa ya maji ikageuzwa kupitia handaki. Hakuna aliyemkanyaga chura yule. Hakuna aliyejenga juu ya makazi yake. Kilichoondolewa ni ukungu tu. Yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga rasharasha. Vyura karibu 500 wakasafirishwa hadi Marekani kutunzwa kwenye bustani za wanyama. Mwaka 2003 idadi ya waliobaki korongoni ikaporomoka, ugonjwa wa kuvu nao ukiwa umeingia. Na mwaka 2009 dunia ikatangaza kwamba porini hayupo tena. Tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa, kwa kazi kubwa na fedha nyingi. Taifa lilihitaji umeme, na sitaki kuwahukumu waliofanya uamuzi ule. Lakini umeme wa megawati 180 ni hitaji. Picha ya mgeni aliyenyoosha mikono juu ya mawingu je, nayo ni hitaji la kiwango hicho?

Ukaguru una viumbe wake wa namna hiyo. Mwaka 2002 wanasayansi walimtangaza chura wa mtini wa Mamiwa-Kisara kwa jina la Churamiti maridadi, jina la Kiswahili ndani ya kitabu cha sayansi ya dunia. Anajulikana kutoka Ukaguru peke yake, na walioonekana ni wachache mno. Sidai kwamba jukwaa litamuua. Nasema hakuna anayejua ni kiasi gani cha unyevu, kivuli na ukimya anachokihitaji, na mwenye wajibu wa kuthibitisha usalama ni anayetaka kujenga, wala si chura.

Sasa fedha, maana najua ndiko mjadala unakokimbilia.

Watu wa Kilosa si wageni wa ahadi za kupata fedha kutokana na milima. Kati ya 2009 na 2014 ulikuwepo mradi wa kupunguza hewa ukaa kwa kulinda misitu, uliogharamiwa na Norway, na wanavijiji wa Kilosa walipokea malipo ya majaribio mikononi mwao. Majaribio yakaisha, mradi ukaisha. Baadaye REGROW, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 uliopitishwa 2017, ukaja na ndoto ya kuifungua kusini kwa utalii: Mikumi, Udzungwa, Ruaha, Nyerere. Mwaka 2024 ulisitishwa, kisha ukafutwa, baada ya malalamiko ya wananchi waishio pembezoni mwa Ruaha. Nayataja haya kwa sababu moja: fedha inayokuja na uamuzi wa watu wa mbali huondoka kwa uamuzi wa watu wa mbali. Jukwaa la chuma na vioo ni fedha ya aina hiyo. Kijiji hakiwezi kulijenga, hakiwezi kulikagua, hakiwezi kubadilisha kioo kilichopasuka. Kule Zhangjiajie nchini China, daraja refu la vioo lilifunguliwa Agosti 2016 na kufungwa ndani ya majuma mawili kwa sababu watu walizidi uwezo wake, kisha likafunguliwa upya. Wao walikuwa na wahandisi na mitaji ya kurudia kazi. Halmashauri ya Kilosa ina nini?

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba Kilosa ina mfano wake yenyewe, na hautajwi. Tangu 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hii vilianza kuvuna mkaa kwa mpango katika misitu yao ya vijiji: vipande vidogo vya msitu, vinavyokatwa kwa zamu na kuachwa vichipue kwa miaka mingi kabla ya kurudiwa. Ushuru uliingia kwenye serikali ya kijiji, na mkutano mkuu ukaamua utumikeje. Madarasa yamejengwa, zahanati zimesaidiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 ndizo zilizowapa uwezo huo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hawa daftari wanalo. Ukiniuliza utalii wa mlima wa Kilosa ujengwe juu ya msingi gani, nitakuonyesha vijiji hivyo kabla ya kukuonyesha mchoro wa mhandisi yeyote.

Tazama pia jinsi fedha inavyogawanyika. Tangu serikali ilipoanza kuzungumzia magari ya kamba ya Kilimanjaro mwaka 2019, wapagazi na waongoza watalii wa Moshi na Arusha wamelipinga wazo hilo, na hesabu yao ni nyepesi kueleweka. Mgeni anayepanda kwa miguu siku sita anahitaji wapagazi, mpishi na kiongozi, na chakula chake kinanunuliwa sokoni. Anayepandishwa kwa dakika chache anahitaji mkata tiketi. Barabara ya kileleni Ukaguru ingefanya vivyo hivyo: gari lingetoka Mikumi alfajiri, lingepita vijijini bila kusimama, na lingerudi hotelini kabla ya kifungua kinywa kupoa. Mama anayeuza ndizi na maharage njiani asingeona zaidi ya vumbi.

Hoja moja tu ya upande wa pili inanisumbua kweli, nami sitaikwepa. Mzee wa miaka 70, mwenye ulemavu wa miguu, mama mjamzito, mtoto wa shule ya msingi: hawa hawawezi kupanda mlima kwa saa tano. Je, uzuri wa nchi yao ni wa wenye mapaja imara peke yao? Hapana, na anayelinda misitu kwa kuwafungia watu mlango atawafanya watu waichukie misitu. Lakini tukumbuke wingu huonekana wapi. Asubuhi za kipupwe, Juni na Julai, hewa baridi huteremka usiku na kutuama mabondeni, na unyevu wake hugeuka ukungu uliolala chini kabla ya jua kuuinua. Kuutazama huo kwa juu hakuhitaji kilele. Mwinuko wa wastani unatosha, penye barabara iliyokwisha kuwepo, kwenye ardhi iliyokwisha kulimwa. Irente kule Lushoto, watu husimama kwenye mwamba wa ukingoni wakiitazama tambarare ikiwa mbali chini yao. Mwamba wenyewe ndio jukwaa. Kilosa ina kingo zake kando ya njia za zamani zinazopanda milimani. Weka hapo uzio wa kushikilia, viti, choo kisafi, kivuli, na njia tambarare ya kiti cha magurudumu. Gharama yake ni sehemu ndogo ya jukwaa la kileleni, na mzee wa miaka 70 atafika hata siku ambayo kilele chote kimezama kwenye wingu.

Na kama yupo anayefikiria jukwaa hilo lipelekwe Malundwe, kilima kirefu kuliko vyote ndani ya Hifadhi ya Mikumi, chenye msitu wake mdogo wa Tao la Mashariki juu kabisa, neno langu ni fupi. Hifadhi ile, iliyoanzishwa 1964, imeshakatwa katikati na barabara kuu ya Zambia, na wanyama wanaogongwa pale tunawajua sote. Isikatwe tena kwa kwenda juu.

Wanaotaka kupanda Ukaguru wenyewe wapande, kwa miguu, kwa njia nyembamba, wakiongozwa na vijana wa Kikaguru waliofunzwa majina ya miti na tabia za hali ya hewa, wakilala vijijini na kulipa ada inayosomwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji. Waambiwe kabla hawajaondoka Kilosa mjini kwamba huenda wakatembea siku nzima ndani ya ukungu, nguo zikalowa bila mvua, wasione bonde hata mara moja. Waelezwe kwamba siku hiyo ndiyo mlima unapofanya kazi yake, na kwamba maji yanayodondoka kwenye kofia zao yako njiani kwenda Mkondoa.

Na kama mchoro wa jukwaa la kileleni utaletwa hata hivyo, serikali za vijiji vya Ukaguru ziulize kabla ya kuweka muhuri popote. Miti mingapi itakatwa kwa ajili ya njia, na mingapi kwa ajili ya mandhari? Maji ya masika yatateremkia mashamba ya nani? Nani atabadilisha chuma kikishika kutu miaka 15 baadaye, na kwa fedha ya fungu gani? Mapato yatasomwa Kilosa au Dar es Salaam? Majibu yaje kwa maandishi, kwa lugha ambayo kila mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji anaielewa, na yawe na saini ya mtu anayeweza kushitakiwa yakigeuka kuwa uongo. Yasipokuja, vijiji visisaini.